Mama ana sukari na anapenda spa ya miguu, kaka anataka niitoe mashini nyumbani

Salaam Shangazi,

Naomba usitaje jina langu maana familia yetu wengi wanakusoma na hii stori wakiiona wataijua mara moja. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza vitenge pale Kikuubo, nakaa upande wa Kireka. Sisi ni watoto wa kambi, baba alikuwa mwanajeshi, tumezunguka naye Bombo, Jinja, Mbarara, ndio maana mpaka leo nyumbani tunaongea Kiswahili ingawa asili yetu ni Koboko. Baba alipofariki mama akabaki peke yake kule kijijini, tukaona hapana, nikamleta kwangu Kampala.

Mama ana sukari ya miaka mingi na presha pia. Dawa anameza, kliniki anaenda, ila miguu ndio inamsumbua. Usiku inawaka moto, anasema ni kama mtu ameipaka pilipili, mpaka anaitoa nje ya neti anaiweka kwenye sakafu ya simenti ipoe. Alafu mchana tena anasema haisikii vizuri, siku moja kandambili ilimtoka njiani akaendelea kutembea, mtoto wangu ndio akamwambia jaja kandambili yako imebaki kule nyuma. Visigino vimepasuka, ni miguu ya mtu aliyelima maisha yake yote.

Sasa mdogo wangu yuko Dubai anafanya kazi, mwaka jana akatutumia mashini ya spa ya miguu, ni beseni la umeme, linapasha maji lenyewe, linatoa mapovu, na chini lina vigurudumu vya kukanda nyayo. Shangazi, mama aliipenda hiyo kitu kuliko zawadi zote tulizowahi kumpa. Jioni mimi natoka mjini nimechoka, jam ya Jinja Road unaijua, lakini nikifika tu nakuta mama ameshaweka kiti chake pale karibu na soketi. Naweka maji na chumvi, anatumbukiza miguu, mimi nakaa kwenye mkeka namsugua visigino na jiwe, namkata kucha, nikimaliza namkanda na mafuta. Na hapo ndio anaongea. Anaongea mambo ya baba, mambo ya kambi, jinsi walivyokimbilia Sudan wakati wa vita na ndugu zangu wadogo mgongoni, mambo ambayo hajawahi kutuambia hata siku moja. Akitoka hapo analala, hata ule moto wa usiku anasema unapungua.

Wakati wa Idi kaka yetu mkubwa akaja. Yeye ni nasi, yani muuguzi, anafanya kazi hospitali huko magharibi. Akaangalia miguu ya mama, akakuta kati ya vidole ngozi imekuwa nyeupe imelainika, alafu kidole cha mwisho pembeni kulikuwa na lengelenge limepasuka, na mama mwenyewe hakuwa anajua kama ana kidonda. Shangazi, kaka alipiga kelele majirani wakasikia. Ati nampika mama miguu, ati yeye kila siku anaona watu wanakatwa miguu na ilianza na kitu kidogo kama hicho, ati hiyo mashini itoke nyumbani siku hiyo hiyo. Nikamwambia wiki iliyopita mama alivaa viatu vipya harusini Arua kutwa nzima, pengine ni viatu, hakutaka kusikia. Akaandika kwenye grupu ya wasapu ya familia. Mdogo wangu wa Dubai akalia, akasema kaka anachukia kwa vile sio yeye aliyeinunua. Saa hii hawaongei.

Mama naye amenyamaza. Anasema acheni, mi sitaki vita kwa sababu ya miguu yangu. Mashini nimeiweka juu ya kabati, na mama akishaswali Isha anaingia kulala, hakai tena na sisi.

Alafu kuna kitu kingine nimekuja kugundua juzi. Kuna jirani anauza vitu vya afya, ana beseni lake la kutoa sumu mwilini kupitia miguu, mama ameenda kwake nikiwa dukani. Elfu thelathini kila akienda. Anasema maji yanageuka yanakuwa ya kahawia na yule jirani anamwambia hiyo ni sukari na takataka zinatoka, na ati vidonge vya hospitali vinachosha figo, angeanza kuvipunguza.

Rafiki yangu wa dukani ananiambia nipeleke mama kwenye spa ya ukweli mjini, pedikyua na masaji, watu wamesomea. Mwingine anasema niite tu wale vijana wanaopita na kikapu cha rangi za kucha. Mimi sijui tena. Nikimrudishia mama mashini na mguu ukaharibika, kaka hatanisamehe na mimi mwenyewe sitajisamehe. Nikiitoa, naona namnyang'anya mama kitu pekee kinachomfurahisha tangu baba aende. Nifanye nini?

Binti wa Kambi, Kireka

---

Wa aleikum salaam mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara ya kwanza nikaona ugomvi wa kaka na dada, nikaisoma tena nikaona kitu kingine kabisa, na hicho ndio nataka tukae nacho. Lakini kabla ya yote nikuulize, hicho kidonda cha kidole kimepona? Hujasema. Kama bado kiko wazi, usingoje siku ya kliniki, mpeleke wiki hii. Na kama ukikiangalia leo unaona pamevimba, pana joto, ngozi imekuwa nyekundu au nyeusi, panatoa usaha au harufu, au mama ana homa, basi hiyo ni safari ya leo leo, barua yangu utamalizia kwenye foleni. Kwa mtu wa sukari kidonda cha mguu hakina udogo, maana damu mara nyingi haifiki kule chini vizuri na sukari ikiwa juu mwili unapigana na wadudu kwa shida.

Haya. Sasa nieleze nilivyokuelewa, unirekebishe kama nimekosea. Una mama ambaye miguu yake inamuuma usiku na haisikii mchana. Una mashini iliyoleta raha ndani ya nyumba, na kaka anayeona ile ile mashini kama hatari, na mdogo wako aliye mbali ambaye amechukua hasira ya kaka kama matusi kwake. Katikati kuna jirani na beseni lake. Na wewe unaona njia ni mbili tu, ama mashini ibaki na mguu uharibike, ama itoke na mama ahuzunike. Hapo ndio nitakusumbua kidogo, mwanangu, maana sina uhakika kama kweli njia ni mbili.

Nianze na ile kandambili. Umeiandika katikati kama kitu cha kuchekesha cha watoto, lakini mimi hapo ndio moyo uliruka. Mtu kandambili imtoke mguuni na aendelee kutembea hajui, na mtu awe na kidonda kidoleni asijue mpaka mwanawe akione, hiyo ni habari moja. Sukari ikikaa juu miaka mingi inaharibu mishipa ya fahamu, na inaanza na ile mirefu zaidi, ndio maana ni vidole vya miguu kwanza. Mishipa ikiharibika inafanya mambo mawili ambayo yanaonekana hayapatani, inawaka moto usiku bila moto, na inanyamaza mchana pale ambapo kuna kitu cha kweli cha kuuma. Kwa hiyo mama akitumbukiza miguu na kukwambia maji ni mazuri, hakudanganyi, ila miguu yake haiwezi tena kumpa habari sahihi. Maji yanaweza kuwa yanamuunguza na bado akaona ni mazuri. Hilo ndio kaka yako analiogopa, hata kama alilisema kwa kelele.

Na kile cheupe kati ya vidole pia kina maana yake. Ngozi ikikaa majini muda mrefu inalainika na kuachana, fangasi wanapata mlango na bakteria nao wanaingia nyuma yao. Alafu kitu ambacho watu wengi hawakijui ni kwamba kuloweka miguu sana, tena na chumvi, kunatoa yale mafuta ya asili ya ngozi, visigino vinakauka na kupasuka zaidi. Yani ile nyufa mnayoitibu jioni inawezekana mnaiongeza jioni hiyo hiyo. Ndio sababu watu wa kliniki za sukari wanawaambia wagonjwa wao waoshe miguu kila siku lakini wasiiloweke.

Lile lengelenge lilitoka wapi? Wewe unasema viatu vya harusi, kaka anasema mashini. Inawezekana wewe ndio uko sahihi, viatu vipya vya kutwa nzima vinatosha kabisa kuleta kitu kama hicho pembeni ya kidole cha mwisho, hapo hasa ndipo viatu vinapobana. Lakini jiulize, hata tukijua leo kwamba ni viatu, je, jambo linabadilika? Mguu ambao haukuhisi kiatu hautahisi maji ya moto pia.

Sasa na mdogo wako wa Dubai nimtetee, maana naye hakutuma upuuzi. Spa ya miguu ina faida zake na sio ndoto tu za mama. Maji ya uvuguvugu yanafungua mishipa ya damu ya miguu, joto la ndani ya mwili linashuka kidogo, na mwili unaposhuka joto ndio usingizi unakuja, kwa hiyo mama kulala vizuri baada ya hapo kuna sababu yake. Kukandwa nyayo kunalegeza misuli na kunapunguza stresi. Mtu aliyesimama kutwa, kama wewe hapo dukani, akiweka miguu kwenye maji ya uvuguvugu kwa dakika kumi na tano anaona nafuu. Ila hakuna maji yanayoshusha sukari, na yanayofaa miguu yako wewe sio lazima yafae ya mama.

Lakini kuna swali nataka ulikalishe moyoni kabla ya kuamua lolote kuhusu ile mashini. Jioni zile kulikuwa na vitu vingi kwa pamoja, kulikuwa na maji, kulikuwa na mapovu, kulikuwa na mikono yako, mafuta, na masikio yako. Je, ni kipi hasa kilichokuwa kinamfanya mama aongee habari za Sudan? Mimi sijui, na wewe huenda hujui. Mama ndiye anayejua na naona katika barua nzima hakuna mtu aliyemuuliza. Kaka kaamuru, dada kalia, wewe umeiweka juu ya kabati, na mama akasema acheni. Hiyo acheni mimi siisomi kama ruhusa. Mama wa kambi aliyekimbia vita na watoto mgongoni akisema hataki vita, amechagua kunyamaza ili ninyi mpatane, na bei yake ni kulala mapema na kwenda kwa jirani kwa siri.

Na hapo nisimame kwa huyo jirani, maana kati ya yote uliyoandika hili ndilo linalonitia hofu zaidi, kuliko hata mashini. Yale maji ya kahawia sio sukari wala sumu. Ndani ya lile beseni kuna vyuma viwili vinavyopitisha umeme kwenye maji ya chumvi, chuma kinaliwa na kutoa kutu, na kutu ndio hiyo rangi. Usimgombeze mama na usipigane na jirani, ila siku moja mwende wote wawili, mmuombe aweke maji na chumvi awashe bila mtu kutia miguu, mkae mtazame. Yatageuka rangi yenyewe. Mama akishaona kwa macho yake hutahitaji maneno mengi. Ila suala la kupunguza vidonge halingoji jaribio hilo. Muulize leo usiku kwa upole kama kuna dozi ameacha, na kama ameacha, hospitali waambiwe. Figo za mtu wa sukari zinaharibiwa hasa na sukari yenyewe na presha visipodhibitiwa, na kama kuna dawa haimfai atakayeibadilisha ni dokta akishapima damu, sio mtu mwenye beseni.

Kuna jambo lingine ambalo familia nzima mmelizoea mpaka hamlioni. Ule moto wa usiku una dawa. Sisemi utaisha wote, lakini kuna vidonge madokta wanatoa kwa ajili ya maumivu ya mishipa, mfano amitriptilini, ya bei nafuu na hata katika hospitali za serikali inajulikana, ingawa kwa mtu wa umri wake lazima dokta apime kama inamfaa na moyo wake na dawa zake nyingine. Pia kama mama anameza metformini, ile dawa ya sukari, kwa miaka mingi, muulize dokta kuhusu vitamini B12, maana hiyo dawa inaweza kuipunguza mwilini na upungufu wake nao unaleta ganzi na moto miguuni. Mama amekuwa akienda kliniki, lakini je, amewahi kumwambia mtu kule kuhusu miguu? Wazee wetu wengi wakifika mbele ya dokta wanasema niko vizuri tu daktari, alafu wanarudi nyumbani kuweka miguu kwenye simenti.

Kuna kipimo kidogo mnaweza kufanya nyumbani na ningependa afanye kaka yako, nitasema kwa nini. Mama alale au akae, afumbe macho, avue soksi. Mtu amguse kwa ncha ya kidole, taratibu kabisa kama unagusa yai, kwa sekunde moja au mbili, kidole gumba, kidole cha kati na kidole cha mwisho, mguu wa kulia na wa kushoto, jumla ni sehemu 6, bila kubonyeza wala kusugua wala kurudia. Kila akihisi aseme kulia au kushoto. Akikosa sehemu 2 au zaidi, basi ganzi ipo na dokta aambiwe wazi. Akihisi zote msishangilie sana pia, maana na ile hadithi ya kandambili bado anahitaji kupimwa hospitali.

Kwa nini kaka? Kwa sababu yule amekuwa akiongea na miguu ya mama kama nasi mwenye hasira, na mimi naona hasira yake imetoka kwenye woga. Mtu anayefunga bandeji za waliokatwa miguu kila siku, alafu anakuja nyumbani sikukuu anakuta mguu wa mama yake na kidonda, kelele ndio hutoka kabla ya machozi. Sisemi alifanya vizuri kukuaibisha mbele ya majirani na kwenye grupu. Lakini mpigie simu, wewe na yeye tu, nje ya wasapu, na badala ya kumuuliza kama mashini ni mbaya, muulize anaona mguu wa mama uko hatua gani na angetaka mama aoshwe vipi. Mpe kazi. Mtu akipewa kazi ya kulinda huwa anaacha kupiga kelele, japo sio wote, wewe kaka yako unamjua kuliko mimi.

Sasa tuje kwenye mashini yenyewe. Kuna familia ambazo wangeirudisha chini kutoka kabatini kwa masharti. Kama mtaongea hivyo na dokta akakubali, ni lazima mjue mnachokibeba. Maji yawe kati ya digrii 32 na 35, yani chini ya joto la mwili, wewe mwenye miguu mizima ungesema hayo maji yameanza kupoa. Yapimwe na kipima joto au kiwiko cha mkono wako, sio mkono wa mama na kamwe sio mguu wake. Kitufe cha kupasha joto kisiguswe kabisa, maana mashini nyingi zinapandisha maji mpaka yapite 40. Dakika chache tu, bila chumvi, bila Dettol, hasa pasiwe na mchubuko wowote siku hiyo. Vile vigurudumu vya chini navyo vinaweza kuchubua ngozi isiyohisi. Na hizi ni mashini za umeme zenye maji, mama atoe miguu majini kwanza, ndipo itolewe kwenye soketi kabla ya kumwaga maji. Tafuta pia kile kijitabu kilichokuja nayo usome, mara nyingi watengenezaji wenyewe wameandika kwamba mwenye sukari aulize dokta kwanza. Hatari ya njia hii naiona kwenye uchovu wako. Siku unafika na stoku haijauzika na watoto wanalia, nani atapima maji? Siku mjukuu anataka kumfurahisha jaja yake na kubonyeza kitufe cha moto, nani atajua? Mama hatajua.

Njia nyingine ni mashini ibaki kabatini lakini kile kiti kirudi pale pale. Beseni la kawaida, maji ya uvuguvugu, sabuni ya kawaida, unamuosha mguu mmoja mmoja kwa haraka kama anavyotawadha, unakausha na taulo laini, kati ya vidole unagonga gonga taratibu mpaka pakauke kabisa, alafu mafuta kwenye nyayo na visigino na juu ya mguu, ila kati ya vidole usipake maana unyevu ule ndio ulioleta weupe. Alafu unamkanda na mikono yako muda wote unaotaka, polepole, pasipo na kidonda. Ukiwa unamkanda ndio unakagua, chini ya nyayo, kati ya vidole, pembeni. Kucha kata kwa kunyoosha, usichimbe pembe. Lile jiwe la kusugua kuwa nalo makini sana, na wembe wa kuparua sugu usiuguse, hata zile dawa za kuchoma sugu za dukani usimpake. Njia hii nayo ina shida yake. Mama anaweza kuona amepewa kitu pungufu, ile mashini ilikuwa na taa na mapovu na ilitoka kwa binti yake Dubai, ilikuwa fahari yake. Huwezi kujua mpaka umuulize. Na mdogo wako naye anaweza kuumia, isipokuwa kama mashini imepata mtu mwingine wa kuitumia, na hapa nakuangalia wewe unayesimama Kikuubo kutwa. Kama huna sukari, huna ujauzito, huna vidonda wala mguu mmoja uliovimba na kuuma ghafla (huo ni wa hospitali, sio wa masaji), miguu yako wewe haina ugomvi na yale mapovu. Mama anaweza kukaa kwenye kiti chake na kuongea wakati wewe ndio umeloweka.

Kuhusu spa ya mjini, rafiki yako ana nia nzuri. Lakini mtu aliyesomea urembo wa miguu hajasomea mguu wa sukari, hata kama saluni ina viyoyozi na chai ya tangawizi. Mwaka 2000 kule California, Marekani, zaidi ya wateja 100 wa saluni moja walitokwa na majipu miguuni, wengine yakawaachia makovu, na walipochunguza mabeseni ya mapovu wakakuta nyuma ya vichujio kumejaa nywele na vipande vya ngozi na bakteria anayeitwa Mycobacterium fortuitum amestawi humo. Walionyoa miguu kabla ya kwenda ndio walioumia zaidi, kwa sababu wembe unaacha michubuko usiyoiona. Hao walikuwa watu wenye afya zao. Kwa hiyo hata wewe ukienda mwenyewe siku moja kujistarehesha, uliza kama beseni linasuguliwa na kuwekewa dawa ya kuua wadudu kwa dakika zisizopungua 10 kila baada ya mteja, usinyoe miguu siku hiyo, na wasikuparue na wembe. Hata hayo mapovu ya Dubai yanahitaji kusafishwa hivyo hivyo. Wale vijana wa kikapu wanafanya kazi halali na ngumu ya kutembea juani, siwapondi, ila tupa moja na mkasi mmoja vinapita miguu ya mtaa mzima, na kwa njia hiyo fangasi husafiri, hata homa ya ini aina ya B ikiwa kuna damu. Mama akitaka rangi ya kucha, na kwa nini asitake, nunua yake na vifaa vyake peke yake, umpake nyumbani.

Ningependa mwanangu umuulize mama mkiwa wawili tu, usimpe majibu matatu achague kama dukani, umuulize tu anakumbuka nini zaidi zile jioni, na umwambie na wewe umezikosa. Mwambie ukweli wa miguu yake pia, yeye ni mtu mzima, amepita mambo makubwa kuliko haya. Atakachosema kinaweza kikashangaza wote, hata kaka. Alafu uniandikie.

Na siku ya kliniki, mkifika mbele ya dokta, mama avue viatu na soksi kabla hajaombwa, aweke miguu pale ionekane. Foleni huwa ndefu na dokta amechoka, atauliza sukari ngapi, presha ngapi, ataandika dawa, na miguu iliyofunikwa haitatazamwa. Mseme wazi kuhusu moto wa usiku, kandambili, na kile kidonda ambacho hakukihisi, na muombe wampime hisia za nyayo na mapigo ya damu ya miguuni. Kaka akiweza kupata ruhusa siku hiyo, mwende naye.

Shangazi